Gurudumu la Tano: Pini ya Inchi 2 Iliyobeba Karne Nzima

Leo naweka tarakilishi kando kidogo. Wanaonisoma hapa wamezoea habari za hifadhidata, Linux na programu huria. Lakini kuna kifaa kimoja cha chuma ambacho nimekuwa nikifuatilia historia yake kwa miezi kadhaa sasa, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba waliokiunda walipambana na mambo yale yale yanayotukosesha usingizi sisi waandishi wa programu. Kifaa hicho ni kiungio cha trela kinachoitwa gurudumu la tano.

Kama umewahi kusimama kando ya barabara ya Mombasa ukaona kichwa cha lori kikipita bila trela, basi umekiona. Ni ile sahani nzito nyeusi nyuma ya kabini, imepakwa grisi tele, na upande wa nyuma ina pengo linalofanana na herufi V. Chini ya trela kuna pini nene ya chuma. Dereva anarudi nyuma polepole, pini inaingia kwenye pengo, mataya yanaibana, safari inaanza.

Huko Marekani kuna watu wanaofunga kifaa cha namna hiyo, kidogo zaidi, ndani ya bodi ya pikapu. Wanachovuta si kontena bali nyumba nzima ya magurudumu yenye vitanda, jiko, choo na bafu. Swali lao la kwanza huwa lile lile: nichague kiungio gani? Maduka yana kila aina: vya kukaa mahali pamoja, vya kuteleza, vya mpira wa chuma sakafuni, vyepesi, vizito, na kila muuzaji anasema chake ndicho bora.

Jibu langu ni kwamba uanze na historia. Kila aina ya kiungio ni kiraka. Kuna mtu alikutana na tatizo, akaandika kiraka cha chuma. Ukijua tatizo lilikuwa lipi, utajua kama unalo. Ukinunua kiraka cha tatizo usilo nalo, utalipa gharama yake bila kupata faida yake.

Gari lina magurudumu manne, la tano limetoka wapi?

Tuanze zamani, enzi za magari ya farasi. Mkokoteni wa magurudumu mawili haukuwa na shida ya kukata kona. Farasi akigeuka, nao unageuka. Gari la magurudumu manne ni hadithi nyingine. Ekseli ya mbele ikiwa imefungwa imara kwenye bodi, gari litakwenda moja kwa moja mpaka litumbukie mtaroni.

Mafundi wa magari hayo waliweka pete ya chuma iliyolazwa kati ya ekseli ya mbele na bodi. Pete ilizunguka, ekseli ikageuka pamoja nayo, na uzito wa bodi ukakaa juu yake muda wote. Kwa kuwa gari lilikuwa tayari na magurudumu manne, pete hiyo ya mviringo ikaitwa gurudumu la tano.

Pete ilikuwa na ubaya wake. Ekseli nzima ikigeuka sana, magurudumu ya mbele huingia chini ya bodi, na gari linabaki limeegemea sehemu nyembamba. Hapo kupinduka si jambo gumu. Georg Lankensperger, mtengenezaji magari wa Munich, akabuni njia ya kuliacha ekseli lenyewe limetulia na kugeuza magurudumu tu, kila moja kwenye egemeo lake. Rudolph Ackermann akaiandikishia hataza London mwaka 1818, na ndiyo maana hadi leo mfumo huo unajulikana kwa jina la Ackermann badala ya aliyeubuni.

Magari ya injini yalipokuja yalichukua njia hiyo ya pili. Usukani wa matatu yetu unafuata wazo la Lankensperger. Pete ikabaki haina kazi. Lakini sifa yake moja haikuwa imepitwa na wakati: iliweza kubeba uzito mkubwa na kuzunguka kwa wakati mmoja. Sifa hiyo ilisubiri mtu wa kuihitaji.

Kuvuta ni rahisi kuliko kubeba

Mmoja wa waliohitaji alikuwa Alexander Winton wa Cleveland, Ohio. Alianza kuuza magari mwaka 1898, na mara akagundua kwamba kutengeneza gari ni kazi moja na kulifikisha kwa mnunuzi wa mbali ni kazi nyingine. Gari likiendeshwa lenyewe kwenye barabara za wakati ule lingefika limechakaa. Akatengeneza mkokoteni uliobeba gari moja, magurudumu yake yakiwa nyuma tu, na upande wa mbele ukaegemezwa juu ya mgongo wa gari jingine lililouvuta. Hapo ndipo tunapoona umbo la trela tunayoijua: nusu ya uzito iko juu ya magurudumu yake, nusu nyingine imepakatwa na anayeivuta.

Mwaka 1914 mjini Detroit, mfanyabiashara wa mbao Frederic Sibley alimwendea mhunzi August Fruehauf. Sibley alikuwa na mashua na alikuwa na Ford Model T, na alitaka moja iivute nyingine. Fruehauf alikuwa amezoea kuunda magari ya farasi, akamtengenezea trela. Sibley akaipenda hata akaagiza nyingine za kubebea mbao. Mwaka 1918 Fruehauf akaandikisha kampuni ya kutengeneza trela tu, na kampuni hiyo ikawa moja ya kubwa kabisa katika biashara hiyo. Hoja aliyowauzia wateja ilikuwa rahisi na kila mwenye farasi aliielewa: farasi huvuta zaidi ya anachoweza kubeba mgongoni, na lori ni vivyo hivyo.

Lakini kati ya anayevuta na kinachovutwa lazima pawe na kiungo, na hapo ndipo Charles Martin anapoingia. Martin alihusika na kampuni ya Knox mjini Springfield, Massachusetts, iliyokuwa ikitengeneza vichwa vya kuvuta vyenye magurudumu matatu. Katika miaka ya 1910 alileta sokoni gurudumu la tano linaloyumba. Pete ya zamani ilijua kuzunguka kulia na kushoto tu. Ya Martin ilikubali pia kuinama mbele na nyuma, kwa hiyo lori likipanda kilima huku trela bado iko bondeni, kiungo hakilazimiki kupindika wala kuvunjika.

Neno hilo, kuyumba, liweke akilini. Mtu anayenunua kiungio cha pikapu leo anaulizwa kama anataka kichwa kinachoinama pande mbili au pande nne. Pande mbili ni mbele na nyuma, yaani wazo la Martin. Pande nne ni hayo pamoja na kulia na kushoto, ili mtu anayeegesha kwenye uwanja wa mashimo aweze kufunga na kufungua trela bila pini kukwama.

Kiolesura kilichoshinda

Sisi waandishi wa programu tuna neno kiolesura: mahali ambapo mifumo miwili inakutana, na makubaliano ya jinsi itakavyoongea. Kiolesura kizuri hakijali nani yuko upande wa pili. Historia ya trela ni historia ya kutafuta kiolesura hicho.

Haikuwa lazima pini ishinde. Uingereza, kampuni ya Scammell ilianza kuuza mwaka 1934 gari dogo la magurudumu matatu lililoitwa farasi wa mashine, kwa sababu lilikuja kuchukua kazi ya farasi waliosambaza mizigo kutoka stesheni za reli. Dereva alirudi nyuma tu, na kiungio kikajifunga chenyewe na kuinua miguu ya trela. Kwa wakati wake lilikuwa jambo la ajabu, na kampuni za reli zililipenda. Lakini trela ya mfumo ule ilitaka gari la mfumo ule. Magari hayo yaliacha kutengenezwa, na baadaye kiungio chake nacho kikatoweka barabarani.

Pini na sahani vilikwenda njia tofauti. Vipimo vyake viliandikwa kuwa viwango, Marekani na chama cha wahandisi wa magari, SAE, na kimataifa na shirika la ISO. Sehemu ya pini inayobanwa na mataya ina kipenyo cha inchi 2, yaani milimita 50.8. Ipo nyingine nene ya inchi 3.5 kwa mizigo mizito isiyo ya kawaida, lakini ya inchi 2 ndiyo inayotawala. Kampuni yoyote inaweza kutengeneza lori, kampuni yoyote ikatengeneza trela, nao wakutane bandarini bila kuulizana.

Ndipo Malcolm McLean, mwenye malori kutoka North Carolina, alipolitenga sanduku la trela na magurudumu yake. Tarehe 26 Aprili 1956 meli yake Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na masanduku 58. Kila kontena linaloshushwa Kilindini ni mjukuu wa masanduku yale, na likiwekwa juu ya trela kuelekea Malaba linavutwa kwa pini ya ukoo ule ule.

Mpaka hapa sijataja pikapu hata moja. Tunaifikia sasa.

Rubani anakwenda kupiga kambi

Glenn Curtiss anajulikana kwa ndege. Ni mmoja wa waanzilishi wa urubani Marekani. Tarehe 4 Julai 1908 alirusha ndege yake June Bug mbele ya watu kule Hammondsport, New York, akashinda kombe. Watu wachache wanakumbuka kwamba alipenda pia kupiga kambi, na kwamba mwishoni mwa miaka ya 1920, akiwa Florida, aliunda trela ya kusafiria aliyoiita Aerocar.

Kilichonivutia ni kiungio chake. Curtiss alichukua gurudumu la ndege lenye tairi la hewa akalilaza chali nyuma ya gari dogo, karibu na ekseli ya nyuma. Pini ya trela ikaingia katikati ya gurudumu hilo, palipokuwa na kitovu. Gari likigonga shimo, tairi linafyonza mshtuko kabla haujafika kwenye trela. Kwa mara moja lile jina la gurudumu la tano likawa kweli neno kwa neno.

Curtiss alifariki mwaka 1930, na Aerocar haikuwa bidhaa ya watu wa kawaida. Hata hivyo alikuwa amethibitisha jambo moja: trela ya kuishi haihitaji kuning'inia nyuma ya bampa. Inaweza kupakatwa. Kufikia miaka ya 1970 pikapu za Marekani zilikuwa na nguvu ya kutosha, na trela za namna hii za kufungwa katikati ya bodi zilikuwa sokoni. Leo Waamerika huiita hata trela yenyewe gurudumu la tano, kana kwamba sisi tungeliita gari zima usukani.

Uzito unakaa wapi?

Kwa nini upoteze bodi ya pikapu yako kwa ajili ya kiungio wakati unaweza kufunga mpira wa chuma nyuma ya bampa ukaenda zako? Hapa naomba tufanye hesabu kidogo, maana ndiyo kiini cha mambo.

Chukua trela ya kilo 5,000 na pikapu ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 4. Trela ya kufungwa nyuma hukalisha karibu asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye mpira. Tuseme 12, yaani kilo 600, na mpira uko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ni kama watoto kwenye pembea ya ubao: ukikalia ncha hii, ile inapanda. 600 mara 1.2 gawanya kwa 4 ni 180. Ekseli ya mbele, ile yenye usukani, imepunguziwa kilo 180. Kuna fito maalumu za kurudisha uzito huo mbele, lakini fito hizo zenyewe ni kiraka.

Trela ya gurudumu la tano hukalisha uzito zaidi, asilimia 15 hadi 25. Tuseme 20, yaani kilo 1,000. Lakini pini iko juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Ikiwa sentimita 10 mbele, ekseli ya mbele haipungui kitu. Inaongezewa kilo 25.

Mbali na uzito kuna kuyumba. Upepo au basi linalopita kasi likiisukuma trela upande, nguvu hiyo inafika kwenye kiungo. Kiungo kikiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli, trela imeshika mpini mrefu wa kuizungushia pikapu. Kikiwa juu ya ekseli, mpini haupo. Hii ndiyo sababu mtu mwenye trela ndefu, anayebeba familia yake, anakubali kupoteza bodi.

Basi kanuni ya kwanza ya kuchagua ni hii: kiungio kizuri ni kile kinachokuacha na uzito juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Yote yanayofuata ni namna ya kukipata hicho, au namna ya kukisaliti kwa sababu nzuri.

Viraka na gharama zake

Binamu yangu anaishi Texas na ana pikapu ya kabini mbili yenye bodi fupi. Aliponiuliza anunue kiungio gani, sikumjibu kwa jina la kampuni. Nilimwambia apime kwanza umbali kutoka juu ya ekseli ya nyuma hadi ukuta wa kabini.

Sababu ni hii. Trela nyingi kubwa za Marekani zina upana wa hadi inchi 102, yaani mita 2.59. Nusu yake ni karibu mita 1.3. Ukikata kona mpaka trela ikasimama pembe mraba na pikapu, ubavu wake utakuwa mita 1.3 mbele ya pini. Pikapu yenye bodi ya futi 8 ina karibu mita 1.4 kutoka ekseli hadi kabini, kwa hiyo inapita. Bodi fupi ina karibu mita 1 tu. Hapo kona ya trela inaingia kwenye kioo cha nyuma walipokaa watoto.

Bodi ndefu, basi: nunua kiungio cha kukaa mahali pamoja. Ni chepesi kuliko cha kuteleza, ni rahisi, kina sehemu chache za kuharibika. Huna tatizo, usinunue kiraka.

Bodi fupi: watengenezaji walileta kwanza kiungio cha kuteleza kwa mkono. Ukifika mahali pa kuegesha unashuka, unavuta mpini, unasogeza pini nyuma kama sentimita 30, unakata kona, kisha unairudisha. Ona gharama yake: pini ikiwa nyuma ya ekseli, umerudi kwenye ile pembea. Ndiyo maana ni kwa mwendo wa pole tu. Na inakutaka ukumbuke, jioni, umechoka, mvua inanyesha. Sisi tunajua mfumo unaotegemea mtu kukumbuka huishia wapi.

Kiraka cha pili kikaja kurekebisha cha kwanza: kiungio kinachoteleza chenyewe, kama kile cha kampuni ya PullRite. Bamba linaikamata pini isizunguke kivyake, kwa hiyo trela inapogeuka inakilazimisha kiungio kirudi nyuma, na ikinyooka kinarudi mbele. Hakuna cha kukumbuka. Gharama yake ni bei, na uzito wa chuma ambao pikapu yako itaubeba kila siku.

Kuna walioamua kuhamishia tatizo upande wa trela. Boriti inayoshika pini inarefushwa kuelekea nyuma na egemeo linawekwa huko, huku kabari ikizuia pini isizunguke kwenye sahani. Ni sawa, ila ujue kwamba sasa trela yako imezoea sahani ya umbo fulani. Ukitaka kuivuta kwa pikapu ya jirani, utahitaji kabari nyingine. Kiolesura kilichokuwa huru kimeanza kuwa na masharti.

Upande mwingine wako wafugaji. Wao huvuta trela za ng'ombe na farasi kwa mpira wa chuma uliofungwa katikati ya sakafu ya bodi, na trela zao zina shingo ndefu kama ya bata bukini. Uzuri wake ni kwamba ukiuondoa mpira sakafu inabaki tupu. Wenye nyumba za magurudumu wakautamani. Wengine wakafunga adapta ndefu chini ya pini ili ifike kwenye mpira. Hapa niombe utulivu: fremu ya trela ile iliundwa ikitegemea pini fupi inayokutana na sahani iliyo juu. Ukiongeza mkono mrefu kwenda chini, kila breki na kila tuta vinaikamata fremu kwa mpini mrefu zaidi. Baadhi ya watengenezaji wa fremu hukataa dhamana ukifunga adapta wasiyoikubali. Uliza kabla ya kulipa, wala usimuulize anayekuuzia adapta.

Mwisho ni namna ya kukifunga kiungio kwenye pikapu. Zamani ilikuwa ni kutoboa sakafu na kufunga reli mbili za chuma kwenye chesisi. Tangu miaka ya 2010 Ford, Ram na General Motors wamekuwa wakiuza baadhi ya pikapu zao nzito zikiwa na matundu tayari sakafuni, kiungio kinatumbukizwa na kufungwa bila kutoboa. Reli bado ni imara na zinakubali viungio vingi. Matundu ya kiwandani ni nadhifu, lakini vipimo vyake havifanani kampuni hadi kampuni. Miaka mingi baada ya pini kukubaliana, sakafu bado hazijakubaliana.

Nambari za nani?

Usisome tangazo linalosema pikapu inavuta kilo kadhaa ukaishia hapo. Kwa miaka mingi kila kampuni ilijipimia yenyewe, kwa njia yake. Mwaka 2008 SAE ilichapisha kiwango kiitwacho J2807, na Toyota ikawa ya kwanza kukifuata, kwa magari yake ya 2011. Kampuni nyingine kubwa zilifuata miaka michache baadaye. Moja ya majaribio yake inafuata mlima wa Davis Dam kule Arizona, zaidi ya kilomita 18 za kupanda, kwenye joto la nyuzi 38 na zaidi, kipozahewa kikiwa kimewashwa, na gari halitakiwi kwenda chini ya mwendo uliowekwa.

Hata nambari ya kweli ya kuvuta haitoshi kwa trela hii. Kinachokwisha kwanza mara nyingi ni uwezo wa kubeba, sio wa kuvuta. Kilo 1,000 za pini, uzito wa kiungio chenyewe, abiria, jokofu na mbwa, vyote vinakaa juu ya springi zile zile. Nambari hiyo iko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na kibandiko hakipigi chuku kama tangazo.

Hitilafu isiyopiga kelele

Hatari mbaya kuliko zote ni ile isiyoonekana. Trela ikiwa juu kidogo kuliko inavyotakiwa wakati wa kufunga, pini inaweza kupita juu ya mataya badala ya kuingia kati yake. Mataya yanafunga hewa. Mlio unasikika, mpini unaonekana umekaa mahali pake. Programu imerudisha jibu kwamba kazi imefanikiwa, kumbe haikufanyika. Dereva anaondoka, trela inabaki nyuma na kuangukia kuta za bodi. Hiyo ni bahati nzuri. Bahati mbaya ni ikisubiri mpaka barabara kuu.

Marehemu mjomba wangu aliendesha trela kati ya Mombasa na Kampala kwa miaka mingi. Alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja hata kukiwa na foleni nyuma yake. Akishafunga, alimtuma tanaboi chini na tochi aangalie kama mataya yameikumbatia pini na kama sahani na trela vimelaliana bila mwanga kupita katikati. Kisha yeye mwenyewe alishuka akaangalia tena. "Usiamini mlio," alikuwa akisema. "Amini macho."

Mwenye pikapu afanye hivyo hivyo, halafu aongeze jaribio moja: miguu ya trela ikiwa bado inagusa ardhi, breki za trela zimeshikwa, avute mbele taratibu. Kama haikufunga, heri aijue pale. Na ule waya unaoshika breki za trela ikichomoka ufungwe kwenye pikapu, kamwe usifungwe kwenye kiungio. Kiungio kikitoka na waya umefungwa kwacho, waya hautavutwa na breki hazitashika. Nakala ya akiba haihifadhiwi kwenye diski ile ile.

Na huku kwetu?

Huenda umeshaanza kuitazama pikapu yako ya kabini mbili kwa jicho jipya. Tufanye hesabu ya mwisho. Pikapu nyingi za hapa Kenya hubeba karibu tani 1, na zile mpya huandikwa kwamba zinavuta hadi kilo 3,500. Trela ya gurudumu la tano ya kilo 3,500 inakalisha asilimia 20 kwenye pini, yaani 700. Kiungio tuseme 60. Watu watano wa kilo 75 ni 375. Jumla 1,135. Umeshapita, na bado hujaweka mkoba wala debe la maji. Nambari ya kuvuta haikudanganya. Haikuwa nambari ya swali hilo.

Malori yetu yanaishi na hesabu hiyo kila siku. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2013 inaruhusu jumla ya tani 56 kwa gari la ekseli saba, lakini kwenye mizani ya Mariakani hawaangalii jumla peke yake. Kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Lori linaweza kuwa ndani ya jumla na bado likakamatwa kwa sababu mzigo umeegemea mahali pasipofaa. Ni swali lile lile la Winton na la Curtiss: si uzito kiasi gani tu, bali umekaa wapi.

Binamu yangu alipima akapata sentimita 98. Akanunua kinachoteleza chenyewe, akalalamikia bei, na akaniambia kwamba kila anapofunga trela binti yake wa miaka tisa ndiye anayeshika tochi.